Gesi ya Baba Mkwe

Kwa miaka mingi nilikana kwamba namkimbia baba mkwe wangu. Nilikana mbele ya wenzangu wa chuo kikuu, nikakana kwa mhariri wa safu yangu, na siku moja nilikana mbele ya ukumbi mzima wa wanawake waliolipa nauli zao kuja kunisikiliza nikizungumzia mila zilizopitwa na wakati. Mimi na mzee, niliwaambia, tunaheshimiana kama watu wazima. Wakanipigia makofi. Juma lilelile makala yangu juu ya jambo hilo ilipotoka gazetini, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye migomba ya Kawetele, karibu na Tukuyu, beseni la maboga pembeni, nikisubiri mzee apite na gambuti zake. Alipita. Mimi nilibaki pale kidogo zaidi kwa sababu tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye miwani.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu Wanyakyusa: kwa desturi ya wazee, mke na baba mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, hawasemeshani. Vijana wengi wameacha. Wengine, kama mimi, tumeacha kwa maandishi tu. Mzee naye alitimiza upande wake bila kukosa. Kabla ya kutokea kwenye kona ya njia alikohoa, kikohozi kikubwa cha kutangaza, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Tuliishi hivyo, nyumba yake juu, yangu chini, katikati kipande cha migomba. Mume wangu ni mwalimu Chunya na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtu aliyekuwa karibu nami kuliko wote duniani ni mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Namjua kwa kofia, kwa mgongo, na kwa kikohozi.

Na kwa gesi yake.

Nilipohamia Kawetele nilikuja na paneli ya sola niliyoinunua Dar es Salaam, na bado naamini kwamba ni paneli nzuri sana ukiwa Dar es Salaam. Hapa ukungu unashuka kutoka mlimani mchana kweupe na mvua haina msimu wa kupumzika. Kuni zinaota uyoga zikiwa zimepangwa ukutani. Kitu ambacho hakikosekani ni ng'ombe, na ng'ombe, mvua inyeshe isinyeshe, anafanya anachofanya.

Mzee alikuwa na ng'ombe watatu wa kisasa, wa kulishwa bandani, na mtambo wa biogesi uliofukiwa uani kwake kama chungu kikubwa. Samadi na maji vinaingia upande mmoja, gesi inapanda juu, tope linatokea upande wa pili na kwenda kwenye migomba. Mradi fulani ulipita zamani, ukamchimbia, ukampiga picha ameshika sufuria, ukaenda zake. Lakini mzee alikuwa amefiwa na mkewe. Kazi ya moto wake ilikuwa chai, ugali wa mtu mmoja, basi. Gesi iliyobaki ilitorokea hewani, na mzee hakuweza kuvumilia kitu chake kipotee bure wakati mwenzake anapuliza kuni mbichi. Akatandaza mabomba. Moja likaja kwetu, moja likaenda kwa mama wa maandazi upande wa barabarani, na mengine mawili kwa wakulima wa chai walio bondeni.

Hatukulipa fedha. Mwenye ng'ombe alipeleka ndoo ya samadi asubuhi. Asiye na ng'ombe alipeleka majani ya mabingobingo ya kuwalisha ng'ombe wa mzee. Tope liligawanywa kwa zamu, kila mtu kwa migomba yake. Na kila nyumba ilikuwa na saa yake ya kupika, maana wote tukiwasha pamoja moto unakuwa wa kuwashia sigara tu. Mzee ndiye aliyesimama kwenye koki akifungua huku na kufunga kule. Nimekaa katika miji yenye mgao wa umeme na sijawahi kuona mgao uliofuata saa kama ule.

Alfajiri ilikuwa ya mama wa maandazi, kwa sababu lazima akaange na kuwahi stendi ya Tukuyu kabla abiria hawajaondoka. Mwezi wa Ramadhani mzee, ambaye ni mzee wa kanisa, alibadilisha ratiba yote mwenyewe ili mama huyo apate moto wa daku. Hakuombwa. Mwaka mmoja jirani wa bondeni alileta ndoo ya samadi juu, udongo chini. Mzee alihamishia saa ya nyumba ile katikati ya mchana, wakati wote wako shambani wanachuma chai. Kesho yake ndoo ilikuja samadi mpaka chini, na saa ikarudi ilipokuwa.

Mimi nilipeleka ndoo yangu, ya samadi ya ng'ombe wetu mmoja, kwa utaratibu wetu mimi na mzee. Nilisimama kwenye migomba nikisikiliza. Akikohoa, yuko uani, nangoja. Kukiwa kimya, nakwenda mbio, namwaga kwenye kisima cha kuchanganyia, narudi mbio. Mama wa maandazi alipoona mara ya kwanza alicheka mpaka akaketi chini.

"Msomi mzima," alisema, "unakimbia na ndoo ya mavi kama umeiiba."

Masika yaliyopita mzee aliugua kifua. Siku yenyewe naikumbuka vibaya, ndiyo maana naiandika upesi. Asubuhi nilikwenda na ndoo nikamsikia anakohoa. Nikangoja. Akakohoa tena. Nikajisemea leo mzee ana shughuli uani, nikarudi kuandika. Nilikwenda mchana, bado anakohoa. Nikasifu nguvu zake. Nyumbani jiko halikuwaka, nikadhani bomba limeingia maji. Tangu alipofungua koki ya alfajiri, kutwa nzima mzee alikuwa kitandani na homa, anakohoa kikohozi cha ugonjwa, na mimi nilikuwa kwenye migomba nampa heshima.

Aliyemkuta ni mama wa maandazi, jioni, alipotoka stendi na kuona banda halijasafishwa. Alipiga kelele zilizofika bondeni. Yeye na wakulima wa chai walimbeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali, akapona. Lakini aliporudi alikuwa mwepesi kama suke, na Jumapili iliyofuata watoto wake wakaja kuketi naye uani.

Nilikuwa kwenye migomba nikikata majani, na sitamdanganya mtu kwamba nilikuwa nayahitaji. Kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye nyumba Mbeya, alizungumza kwa upole. Kuna chumba, alisema. Kuna hospitali karibu. Ng'ombe watauzwa mwisho wa mwezi, mzee atakwenda kupumzika.

"Na moto wa watu?" mzee aliuliza.

"Baba, watu watanunua mitungi."

"Mama wa maandazi atanunua mtungi kwa maandazi?"

"Baba, wewe ulitaka kufa."

"Sikutaka. Niliugua tu."

Wakacheka, lakini kaka mkubwa hakucheka. "Hapa hakuna wa kukuangalia," akasema.

Mtu mmoja akauliza, "Si kuna mke wa mwalimu hapo chini?"

"Huyo ni mkwe," mume wangu akajibu, na nilisikia aibu katika sauti yake, ila sikujua ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya baba yake. Maneno yakaishia hapo. Mzee hakubisha tena. Alisema tu kwamba ana usingizi, na watoto wakaafikiana kwamba mwisho wa mwezi gari litakuja.

Mama wa maandazi alikuja kwangu kabla hata wageni hawajaondoka. Hakuketi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Najua umesikia, nimekuona kwenye migomba. Sasa utafanya nini?"

"Dada, mimi ni mkwe."

"Na mimi si mkwe wa mtu? Kwetu baba mkwe ni baba. Namwamkia, namwekea chai, akiugua namshika kichwa. Nyie mnamheshimu mzee mpaka afe peke yake!"

"Hamjui uzito wake."

"Uzito naujua. Mwezi huu nimembeba mzee wako kwa mikono yangu." Akafika mlangoni, akageuka. "Akienda Mbeya, mimi narudi kwenye kuni. Sawa, nilikuwa kwenye kuni zamani, sikufa. Ila yeye atakufa. Mtu aliyezoea kuamka kuwashia watu moto, umpeleke akaangalie televisheni?"

Niliwauliza wanawake wakubwa kama kuna njia ya kuifungua miiko hii. Mmoja alisema baba mkwe anatoa ng'ombe na kila kitu kinakwisha. Mwingine akasema hapana, mkwe ndiye anayetoa, tena nguo. Wa tatu akanitazama kwa huruma na kusema njia ipo, mmoja wenu akifa. Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Mama, mimi usiniingize hapo katikati," na akaanza kunieleza habari za mitihani ya darasa la saba.

Lakini mtambo haungoji watu wamalize kujadiliana. Usipolishwa, unanyamaza. Mzee hakuwa na nguvu za kukoroga, jirani wa bondeni alikuwa akija kumkamulia ng'ombe tu na kukimbilia chai yake. Nikaanza mimi kukoroga, mzee akiwa ndani. Siku ya kwanza nilimwaga samadi na maji, nikachukua mti, nikakoroga huku nimegeuzia nyumba mgongo. Dirisha likafunguka nyuma yangu.

"We ng'ombe," sauti ikasema kwa Kinyakyusa. "Maji hayo machache. Rojo likiwa zito namna hiyo litaziba."

Ng'ombe waliendelea kutafuna. Mimi nikaongeza maji.

"Haya. Na mabonge yapondwe yote."

Nikaponda. Nilipomaliza nilijikuta namtazama ng'ombe wa karibu, yule mweupe mwenye madoa. "Ng'ombe," nikasema, "mwambie mwenye nyumba kwamba bondeni wameleta nusu ndoo."

Sauti ikajibu: "Ng'ombe, mwambie aliyesema kwamba ng'ombe wa bondeni amezaa juzi. Nusu inatosha."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza, baada ya miaka yote ile ya ndoa yangu. Mila ilikataza kusemeshana, haikukataza kusema na mifugo. Kupitia kwa yule ng'ombe nilijifunza kufungua koki kwa zamu, na kumwaga maji yanayojikusanya kwenye bomba wakati wa baridi. Kupitia kwake mzee alipata habari za mjukuu wake wa Mbeya na za mpaka wa shamba letu. Chakula chake nilikiweka juu ya ukuta wa banda, nimefunika na jani la mgomba, nikaondoka. Sufuria nililikuta limeoshwa. Siku moja mzee alimuuliza ng'ombe kama ni kweli kuna watu wanaolipwa kwa kuandika mambo yanayoonekana na kila mtu. Ng'ombe alijibu kwamba hawalipwi sana. Nilisikia mzee akicheka dirishani, na nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko siku ile ya ukumbi na makofi.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Asubuhi moja, ukungu umekaa mpaka kwenye paa la banda, dirisha lilifunguka na sauti ikatoka taratibu.

"Ng'ombe. Wewe utapata tajiri mwingine, utazoea. Mimi watoto wamesema niende, na watoto si wabaya. Wanasema nikikaa hapa nawatesa watu." Akakohoa kidogo. "Sijui kama nawatesa. Wewe unaonaje?"

Nilisimama na ule mti mkononi. Nimewahi kujibu maswali ya maprofesa. Nimewahi kubishana na mbunge redioni. Nilimtazama ng'ombe, ng'ombe akanitazama.

"Ng'ombe amesikia," nikasema.

Dirisha likafungwa.

"Amesikia?" mama wa maandazi alipiga kelele nilipomweleza. Alikuwa akikanda unga, akauacha. "Mzee anakuuliza kama anakutesa, unamjibu ng'ombe amesikia?"

"Ningesema nini?"

"Hapana! Ungesema hapana! Neno moja, dada yangu. Hata ng'ombe mwenyewe angeliweza."

Siku hiyohiyo nikampigia shemeji yangu wa Mbeya. Nilimwamkia, nikauliza hali ya watoto, nikauliza hali ya mvua, mpaka akaniuliza kuna nini.

"Shemeji, mzee asiondoke. Nitamtunza mimi."

"Utamtunzaje mtu usiyemwona?"

"Kama ninavyomtunza sasa. Nakoroga, napika, nafungua koki."

"Hayo nimeyasikia, na nashukuru sana." Hakuwa na ukali. "Lakini siku ile kifua kilipombana, uliingia?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Silaumu. Ungeingia yeye mwenyewe angekasirika. Ndiyo shida yenyewe, shemeji. Nikijua kwamba akiugua tena utaingia mpaka chumbani na yeye atakubali, mimi sina haja ya kumng'oa pale. Ila aseme yeye, kwa mdomo wake. Asiposema, nakuja na gari."

Alikuwa na haki, na alikuwa ameomba kitu kigumu kuliko ng'ombe watatu. Kwa mzee wa umri ule, kusema kwamba mkwe wake aingie alikolala ni kama kujivua nguo barazani. Mimi nisingeweza kumwomba aseme. Nilichoweza ni kwenda bandani asubuhi, kusimama mbele ya yule ng'ombe mwenye madoa, na kutoa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Ng'ombe," nilisema, kwa sauti ya kufika dirishani. "Mwambie mwenye nyumba hatutesi. Hajatutesa hata siku moja. Mwambie akiugua mimi niko tayari kuingia. Mkubwa anataka kusikia kutoka kwake kwamba nitakapoingia hatakasirika. Basi."

Dirisha halikufunguka. Halikufunguka kesho yake pia. Koki zilifunguliwa kwa saa zake, sufuria lilirudi limeoshwa, lakini neno hakuna. Mnunuzi wa ng'ombe alikuja kutoka Ibighi, akawashika viwele, akawapapasa mbavu, akasema atarudi na gari. Mama wa maandazi alianza kuanika kuni chini ya upenu wake. Alizipanga bila kunitazama, na zile kuni zilinisema vibaya kuliko ambavyo angeniambia kwa kinywa.

Kisha, siku mbili tatu kabla ya mwisho wa mwezi, nikiwa mezani nahangaika na makala ambayo mhariri alikuwa ameshaidai, simu iliita. Namba ile niliihifadhi tangu nilipoolewa, kwa kuwa mume wangu alisema ni vizuri kuwa nayo. Haikuwahi kunipigia.

"Halo," nikasema.

"Mama. Ni mimi."

Nilisimama wima. Nikatazama nyuma ya mlango, nikatazama nyuma ya pazia, kisha nikakumbuka kwamba chumbani niko peke yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia, baba."

"Hapa hatuonani."

"Hatuonani."

"Nimewaza tangu juzi," alisema. "Wazee waliotufundisha mambo haya hawakusema lolote juu ya simu. Nimejaribu kukumbuka. Hawakusema."

"Hata mimi sikuwahi kusikia wakisema."

"Basi." Akavuta pumzi, na nikasikia kwamba inapita kwa shida. "Nimempigia mkubwa. Nimemwambia asilete gari, na yule wa Ibighi asirudi hapa kunishikia ng'ombe. Akaniuliza, mkwe ataingia? Nikamwambia ataingia. Akataka nirudie. Nikarudia."

"Ndaga fijo, baba," nikasema.

"Usinishukuru, nina homa tangu alfajiri. Jirani wa bondeni nimemwita, atafungua koki mpaka jioni. Wewe niletee uji. Usiuweke ukutani, ingia nao mpaka ndani. Mlango haujafungwa. Mimi nitageukia upande mwingine."

"Nitie sukari?"

"Tia," akasema. "Na maziwa. Na uje nao sasa hivi, mama, kabla mvua haijakukuta njiani."